Vipokezi vya Glutamati katika Mazungumzo ya Chembe za Ubongo

Ubongo wa mtu mzima una chembe za neva zipatazo bilioni 86, na zilizo nyingi mno kati ya hizo hazikuungana na jirani zake kama bomba linavyoungana na bomba. Kati ya chembe na chembe pana mwanya, mwembamba kupita kiasi, ambao upana wake ni kama sehemu 20 katika sehemu milioni moja za milimita. Habari yoyote ipitayo ubongoni, iwe ya maumivu ya kidole, iwe ya jina la mtu lililosahauliwa kisha likakumbukwa, haina budi kuivuka nyanya hiyo moja baada ya moja. Mahali hapo pa kuvukia palipewa jina mwaka wa 1897 na Charles Sherrington wa Uingereza, aliyetumia maneno ya Kiyunani yenye maana ya kushikana pamoja. Jina hilo limeingia katika lugha nyingi, na kwa Kiswahili huandikwa sinapsi.

Ndani ya chembe yenyewe habari hukimbia kwa njia ya umeme. Ifikapo ukingoni, umeme huo hauna pa kukanyaga. Basi chembe hufungua vifuko vidogo vilivyojaa kemikali, ikaimwaga mwanyani, na kemikali hiyo huvuka katika muda ulio mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde, ikaigusa chembe ya ng'ambo. Kemikali zifanyazo kazi hii ni nyingi, lakini katika sinapsi za kuamsha, yaani zile zinazoihimiza chembe ya pili iseme nayo, moja yazipita zote kwa wingi wa matumizi, nayo ni glutamati. Kwa hiyo mtu aweza kudhani kwamba aliyeijua glutamati ameijua lugha ya ubongo. Sivyo. Glutamati ni ile ile kila mahali, wala haina matamshi mawili. Yanayotofautiana ni masikio yanayoisikia, ambayo wataalamu huyaita vipokezi, na ujumbe hupata maana yake huko, upande wa msikiaji.

Ilichukua muda mrefu kulitambua jambo hili, na sababu ya kuchelewa ni yenye kuwafaa hata wasomi wa lugha. Asidi glutamiki ilijulikana tangu mwaka wa 1866, Karl Heinrich Ritthausen wa Ujerumani alipoitoa katika protini ya ngano iitwayo gluteni. Jina lilitoka humo. Mwaka wa 1908 Kikunae Ikeda, mwalimu wa kemia mjini Tokyo, aliitoa katika mwani ambao Wajapani hupikia supu, akaonyesha kwamba ndiyo iletayo ile ladha nzito ya mchuzi isiyo chumvi, sukari, uchungu wala ukali. Nyanya mbivu inayo kwa wingi, na maziwa ya mama pia. Imo katika protini za karibu kila chakula, na katika ubongo imezidi asidi amino nyingine zote. Kitu kilichoenea hivi, nani angekidhania kuwa ni mjumbe?

Dalili zilikuwapo. Katika miaka ya 1950 Takashi Hayashi wa Japani alieleza kwamba glutamati ikitiwa katika ubongo wa mnyama humletea mtukutiko kama wa kifafa. Mwaka wa 1959 na 1960 David Curtis, John Phillis na Jeffrey Watkins, waliokuwa wakifanya kazi Canberra, Australia, waliidondoshea chembe za uti wa mgongo wa paka moja moja, wakaona zinaamka mara. Hata hivyo walihukumu kwamba haiwezi kuwa mjumbe wa kawaida. Hoja zao hazikuwa za kijinga. Iliamsha karibu kila chembe iliyoguswa, bila kuchagua. Umbo lake la kulia na la kushoto, yafananayo kama viganja viwili, yaliamsha karibu sawasawa, ingawa viumbe hai hutumia moja zaidi. Tena hakikuonekana kimeng'enya cha kuivunja upesi, na mjumbe asiyenyamazishwa hawezi kufikisha habari ya pili.

Kosa la hukumu hiyo lafanana na la mgeni anayejifunza Kiswahili akaikuta silabi na katika baba na mama, katika alipigwa na mwalimu, katika alikwenda na rafiki, na katika wana kitabu, kisha akasema kwamba kilichoko kila mahali namna hii hakiwezi kuwa na maana yoyote. Maana ipo, ila haimo katika silabi peke yake. Imo katika mahali inapopokelewa na kazi inayotakiwa na maneno ya jirani. Ama ile hoja ya kunyamazishwa, ilijibiwa baadaye: glutamati haivunjwi mwanyani, bali hufyonzwa. Chembe nyingine za ubongo zisizo za neva, ziitwazo astrosaiti kwa kuwa umbo lake ni kama nyota, huivuta ndani yake, huigeuza kuwa glutamini isiyoamsha kitu, na kuirudisha kwa chembe za neva ili itengenezwe upya. Mwanya husafika upesi, tayari kwa neno lingine.

Aliyefungua njia ya kuvitenga vipokezi ni Watkins yule yule. Akiwa Canberra, na baadaye Bristol, alitengeneza na kupima kemikali nyingi zilizofanana na glutamati kwa hiki na kutofautiana nayo kwa kile, baadhi za kuamsha na baadhi za kuzuia. Ilionekana kwamba chembe hazizijibu zote kwa namna moja, kwa hiyo ni lazima milango iwe zaidi ya mmoja, ijapokuwa ufunguo wa asili ni mmoja. Hapo ndipo majina ya vipokezi yalipotoka, na ni majina yenye ila. Kipokezi cha NMDA na kipokezi cha AMPA vimeitwa kwa vifupisho vya kemikali zilizotengenezwa kwa majaribio. Kipokezi cha kainati kimeitwa kwa asidi iliyotolewa katika mwani mwekundu ambao Wajapani waliutumia kama dawa ya minyoo. Ubongo hauzitumii hizo kupelekea habari zake. Ni kama kuupa mlango wa nyumba jina la ufunguo wa mwizi, na kumwacha mwenye nyumba bila kutajwa. Desturi hiyo imekwisha shika mizizi, na kuibadili sasa kungeleta fujo zaidi kuliko faida.

Neno kipokezi lenyewe lina bahati njema zaidi. Huenda msomaji akaona kwamba kupokea ni tendo la kunyosha mkono tu na kungoja. Lakini katika Kiswahili ampokeaye mgeni mzigo huuchukua yeye akaingia nao ndani, na wapokezanao zamu hufanya kazi kwa kufuatana. Kipokezi cha glutamati ni mpokeaji wa namna hiyo. Ni protini iliyojipenyeza katika utando wa chembe, nusu yake nje, nusu yake ndani. Kile kinachotendeka ndani baada ya glutamati kugusa nje ni kazi yake yeye, na glutamati yenyewe haiingii.

Vipokezi hivyo ni vya jamii mbili. Vya jamii ya kwanza ni milango kamili: protini nne zimeshikana zikizunguka tundu, na glutamati ikinasa katika mikono ya nje, tundu hufunguka na kupitisha ioni, yaani chembechembe zenye chaji ya umeme. Katika jamii hii mna AMPA, kainati na NMDA. Muundo mzima wa kipokezi cha AMPA ulichorwa mwaka wa 2009 na Alexander Sobolevsky, Michael Rosconi na Eric Gouaux huko Marekani, na tangu wakati huo yaliyokuwa makisio yamekuwa picha.

Kipokezi cha AMPA ni mlango mwepesi. Hodi ikisikika, karibu imekwisha tamkwa: tundu hufunguka katika sehemu ndogo ya elfu ya sekunde, sodiamu huingia, na chembe ambayo kwa kawaida ndani yake huwa chini ya nje kwa millivolti 70 hivi huanza kupanda kuelekea kuamka. Kisha mlango hujifunga. Karibu yote yaendayo kasi ubongoni, kama kuona, kusikia na kuushika mkono usiungue, hupita hapo.

Kipokezi cha NMDA ni mlango wa namna nyingine kabisa, nacho chastahili kukaliwa kitako. Kwanza, hakitosheki na glutamati peke yake. Chataka pia glisini, au serini ya umbo la kulia, ikae mahali pake penyewe. Pili, hata hizo mbili zikiwapo, tunduni mmekwama ioni ya magnesiamu kama komeo, na komeo hilo halitoki ila chembe iwe imekwisha amka kiasi kwa sababu nyingine. Jambo hili la magnesiamu lilidhihirishwa mwaka wa 1984, na kundi la Philippe Ascher mjini Paris na kundi la Mark Mayer na Gary Westbrook huko Marekani, kila moja kwa kazi yake. Maana yake ni kubwa. Mlango wa AMPA huitikia neno moja: jirani amesema. Mlango wa NMDA huitikia sentensi nzima: jirani amesema wakati mimi nilipokuwa nimekwisha amka. Ni shahidi wa mambo mawili kutokea pamoja.

Mtaalamu wa Kanada Donald Hebb alikuwa ameandika mwaka wa 1949 kwamba kujifunza kungeweza kuelezwa ikiwa kiungo kati ya chembe mbili huimarika kila zinapofanya kazi pamoja. Ilikuwa fikra tu, bila chombo cha kuitekeleza. Mwaka wa 1973 Tim Bliss na Terje Lømo, waliofanya kazi Oslo, walitangaza kwamba katika ubongo wa sungura, kwenye sehemu iitwayo hipokampasi, kuzichochea neva kwa kasi kwa muda mfupi huziimarisha sinapsi kwa saa nyingi. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1983, Graham Collingridge na wenzake walionyesha kwamba dawa izuiayo vipokezi vya NMDA huzuia kuimarika huko, lakini haizuii habari za kawaida kupita. Basi kusema ni kazi ya AMPA, na kukumbuka kwamba kulisemwa ni kazi ya NMDA. Kipokezi hiki kikifunguka huingiza kalsiamu nyingi, na kalsiamu ndani ya chembe ni amri: vimeng'enya huamshwa, na vipokezi vya AMPA vilivyokuwa akibani hupandishwa ukingoni. Safari ijayo glutamati ile ile, kwa kipimo kile kile, itasikika kwa sauti kubwa zaidi. Mwaka wa 1986 Richard Morris na wenzake waliwatia panya dawa hiyo ya kuzuia ubongoni, wakawaachia waogelee katika birika la maji yaliyotiwa weupe, ambamo palifichwa jukwaa dogo la kupumzikia. Panya wale waliogelea, lakini hawakuweza kujifunza vema jukwaa lilipo.

Jamii ya pili ya vipokezi haina tundu. Glutamati ikikigusa kipokezi cha jamii hii, hakuna kinachopita. Kipokezi humpa habari mtumishi aliye ndani, protini iliyo jirani, naye huenda kufungua au kufunga milango mingine mbali na hapo. Ni kazi ya bawabu kuliko ya mlango, nayo huenda polepole. Vipokezi hivi ni vya aina nane. Maelezo yake mengi ni ya kuwachosha wasio wanakemia, ila aina ya sita ni hoja nzito kuliko zote katika jambo linaloelezwa hapa.

Jicho lina chembe zinazohisi mwanga, na tabia yake ni kinyume cha inavyotarajiwa: gizani humwaga glutamati mfululizo, na mwanga ukizipiga huipunguza. Glutamati hiyo husikilizwa na chembe za aina mbili zilizo jirani. Aina ya kwanza ina vipokezi vyenye tundu; kwake glutamati ni mwamsho, hivyo huamka giza linapoingia. Aina ya pili ina kile kipokezi cha sita chenye bawabu, na bawabu huyo, akiguswa na glutamati, hufunga milango. Kwake glutamati ni amri ya kunyamaza. Glutamati inapopungua, yaani mwanga unapokuja, milango hufunguka na chembe huamka. Mjumbe mmoja, kutoka chembe moja, katika dakika ile ile, amewaambia wasikilizaji wawili mambo mawili yaliyo kinyume, nao wote wawili wamesikia sawa. Msomaji wa ukurasa huu aitambua herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe kwa kuwa majibu hayo mawili yanakutana mbele zaidi katika njia ya kuonea. Wako watu waliozaliwa na hitilafu katika jeni ya kipokezi hicho cha sita. Macho yao yana chembe za kuhisi mwanga, na glutamati inamwagwa kama ilivyo desturi, lakini usiku hawaoni vema, kwa sababu njia kuu ya mwanga hafifu hupitia kwa msikilizaji huyo wa pili, naye ni kiziwi.

Kuna jambo jingine ambalo wanaofanya kazi ya kuhariri miswada ya tenzi za kale watalielewa upesi kuliko wengi. Katika maandishi ya Kiarabu yaliyotumiwa kuandika Kiswahili, nukta moja chini ya herufi ni b, na mbili juu yake ni t. Mnakili akiiacha nukta, neno hupotea. Protini zote hutengenezwa kutokana na nakala ya jeni, nayo nakala huandikwa kwa herufi nne za kikemia. Mwaka wa 1991 kundi la Peter Seeburg huko Heidelberg lilivumbua kwamba katika protini moja ya kipokezi cha AMPA, iitwayo GluA2, nakala haifanani na jeni. Jeni yasema glutamini. Protini yatoka na arginini, asidi amino nyingine kabisa. Jeni haikukosewa. Baada ya nakala kuandikwa, kimeng'enya fulani huipitia na kuibadili herufi moja, na mabadiliko hayo, katika ubongo uliokwisha komaa, hufanywa karibu kwa kila nakala. Ni mhariri anayesahihisha kosa lile lile katika kila kitabu kitokacho, huku kitabu cha asili kikiachwa na kosa lake.

Herufi hiyo moja huamua kama tundu litapitisha kalsiamu au halitapitisha. Likisahihishwa, kalsiamu huzuiwa, na AMPA hubaki mlango wa kusema tu. Mwaka wa 1995 ilitangazwa kwamba panya waliotengenezwa ili GluA2 yao isisahihishike walipatwa na kifafa wakafa wakiwa na umri wa kama majuma matatu. Mwaka wa 2000 likafuata jaribio la upande wa pili: panya walionyimwa kimeng'enya chenyewe walikufa pia wakiwa wachanga, lakini walipopewa jeni ya GluA2 iliyokwisha andikwa kwa usahihi tangu mwanzo, waliishi. Kimeng'enya hicho husahihisha herufi nyingine nyingi, lakini hii ndiyo iliyokuwa ya kufa na kupona.

Kwa nini kalsiamu inaogopwa hivi? Kwa sababu mlango uliowekwa kwa ajili ya kumbukumbu ukifunguliwa bila kufungwa huua. Mwaka wa 1969 John Olney wa Saint Louis, Marekani, aliwadunga panya wachanga glutamati nyingi akaona chembe za sehemu fulani za ubongo wao zimekufa, na baadaye akaiita hali hiyo kwa jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa sumu ya msisimko. Chakula hakileti hatari hiyo kwa kawaida, kwani glutamati ya mlo hutumiwa karibu yote na utumbo, na ubongo una ukuta wake dhidi ya kilicho katika damu. Hatari huja kutoka kwa vitu vinavyojifanya glutamati. Mwishoni mwa mwaka wa 1987 nchini Kanada zaidi ya watu 100 waliugua baada ya kula kome waliovuliwa katika maji ya Prince Edward Island, na baadhi wakafa. Kome walikuwa wamekula vimea vidogo vya baharini vyenye asidi domoiki, ambayo hunasa katika vipokezi vya kainati na vya AMPA wala haifyonzwi kama glutamati. Miongoni mwa waliopona walikuwamo walioweza kuzungumza na kufikiri vizuri, lakini hawakuweza tena kushika jambo jipya. Hipokampasi zao zilikuwa zimeharibika.

Karibu zaidi na Afrika Mashariki, nchini Ethiopia, hulimwa jamii ya kunde iitwayo guaya, ambayo hustahimili ukame mazao mengine yakifa. Ikiliwa kidogo pamoja na vyakula vingine haina neno. Njaa ikiingia na watu wakaitegemea peke yake kwa miezi, baadhi yao hukakamaa miguu wasipone tena. Ndani yake mna asidi amino inayoviamsha vipokezi vya AMPA. Masikini hana la kuchagua, kwa kuwa mmea huo humwokoa na kifo kabla ya kumlemaza.

Kiharusi ni mlango huo huo ukifunguliwa kutoka ndani. Damu ikikatika, chembe hukosa nguvu ya kuifyonza glutamati, nayo hufurika mwanyani na kuziua chembe jirani. Kwa hesabu ya karatasi, dawa ya kuzuia NMDA ingewaokoa wagonjwa. Dawa kadhaa zilijaribiwa kwa watu katika miaka ya 1990, zikashindwa: zilichelewa kufika, au zilileta wazimu wa muda, kwani kipokezi kinachoua wakati wa kiharusi ndicho kinachohitajika kila saa kwa kazi njema. Mwenye kuujua mlango mmoja kwa hali moja tu hawezi kuufunga bila kumfungia mwenye nyumba nje.

Pamoja na hayo, kuna dawa moja ya kuuziba mlango huo ambayo hospitali za Afrika Mashariki zimeizoea sana, nayo ni ketamini. Ilitengenezwa mwaka wa 1962 na kuruhusiwa Marekani mwaka wa 1970 kama dawa ya usingizi wa kupasuliwa. Kwamba kazi yake ni kuvizuia vipokezi vya NMDA ilijulikana mwaka wa 1983. Pale pasipo na mashine nyingi ina thamani kubwa, kwa kuwa mgonjwa kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe. Macho yake huweza kubaki wazi, na akizinduka husimulia ndoto za ajabu. Milango ya kusema haijafungwa. Iliyofungwa ni ile ya kushuhudia.

Yaliyobaki yanagusa lugha yenyewe. Mwaka wa 1957 William Landau na Frank Kleffner walieleza ugonjwa wa watoto ambao mtoto aliyekwisha jua kusema, mara nyingi akiwa kati ya miaka mitatu na minane, huanza kutoyafahamu maneno anayoambiwa. Masikio yake yasikia. Mlio wa mlango na sauti ya mama vyafika, lakini maneno hayawi maneno tena, na baadaye usemi wake mwenyewe hupungua au hutoweka. Ubongo wake, hasa usingizini, huonyesha dalili za kifafa. Kwa zaidi ya miaka 50 chanzo hakikujulikana. Mwaka wa 2013 makundi matatu ya watafiti yalitangaza pamoja kwamba baadhi ya watoto wenye ugonjwa huu na magonjwa ya ukoo wake wana hitilafu katika jeni ya protini iitwayo GluN2A, mojawapo ya zile zinazojenga kipokezi cha NMDA. Protini hiyo huwa haba kabla ya kuzaliwa na huongezeka baadaye, ikichukua nafasi ya nyingine iliyotangulia. Mlango uliojengwa kwayo hujifunga upesi zaidi. Katika baadhi ya jamaa zenye hitilafu hii wameonekana hata watu wasio na kifafa kikali ambao matamshi yao ni mazito na ulimi wao hauzifuati sauti kwa mpango.

Wako waliokimbilia kuiita jeni ya lugha. Jina hilo halifai. Kipokezi hicho kimo katika sehemu nyingi za ubongo wa mtu, na katika ubongo wa panya asiyesema. Tena wagonjwa wengi wa namna hii hawana hitilafu hiyo kabisa. Linaloweza kusemwa ni kwamba usemi wataka upatanifu wa wakati ulio mkali kuliko kazi nyingine nyingi, na mlango unaokosea wakati wake waweza kuuvuruga kabla ya mengine.

Tena hitilafu zenyewe hazielekei upande mmoja. Kwa mtoto huyu kipokezi hakifunguki ipasavyo. Kwa yule hufunguka kupita kiasi. Na wote wawili huweza kuletwa kwa daktari kwa malalamiko yanayofanana. Kwa baadhi ya wale ambao kipokezi chao kimezidi, madaktari wamejaribu memantini, dawa ya kukizuia kwa upole iliyokwisha zoeleka kwa wazee wenye kupoteza kumbukumbu. Mtoto ambaye kipokezi chake kimepungua akipewa dawa hiyo hiyo huzidishiwa upungufu. Kwa hiyo hitilafu ya kila mmoja hupimwa kwanza maabarani, katika chembe zilizopandikizwa jeni yake, ili ijulikane mlango wake umekosea kwa kufunguka au kwa kufungika.